Mayunga Aliyeogopa Madaraja

Ngassa alikuwa dereva wa lori la pamba, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyemwona amekaa mahali pamoja hadi chai ikapoa. Msimu wa pamba alisomba marobota Shinyanga. Pamba ikiisha, alikwenda Ushetu kubeba tumbaku. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na alipenda kujisifu kwamba yeye na gari lake hawajawahi kulala njiani. Mwezi wa Julai mwaka 1970, akiwa kati ya Kahama na Ushirombo, alikohoa kwenye leso, akaifungua, akaona damu. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaendelea kuendesha. Siku ya tatu dereva mwenzake, Donatus, alimkuta ameinamia usukani jasho likimchuruzika. Akamsogeza upande wa pili wa kiti, akamfikisha hospitali ya misheni.

"Kifua kikuu," alisema Sista Generosa, muuguzi mfupi aliyetembea kama mtu anayewahi basi. "Sindano kila asubuhi, siku sitini, hapahapa wodini. Baada ya hapo vidonge mwaka mzima, ukiwa nyumbani. Ukikatisha, ugonjwa unarudi na hasira."

Ngassa alimwomba Donatus jambo moja tu. "Ukifika Mhunze, pita kwangu, mwambie Mama Mageni nimepelekwa Kigoma. Safari ndefu ya kazi."

"Kigoma?"

"Kigoma."

Donatus alimtazama kidogo, akavaa kofia yake, akaondoka.

Si kwamba Ngassa alikuwa mwongo kwa tabia. Alikuwa na mjomba aliyekufa kwa ugonjwa huohuo. Mjomba alijengewa kibanda chake pembeni, akawa na sahani yake na kikombe chake, na Ngassa, akiwa na miaka saba, ndiye aliyekuwa akipeleka ugali hadi mlangoni, anauweka chini, anakimbia. Alikumbuka jinsi mjomba alivyokuwa akisema "Asante, baba" kwa mgongo wake unaokimbia. Afadhali Kigoma.

Wiki mbili za kwanza alilala tu. Wiki ya tatu homa ilishuka, hamu ya kula ikarudi, na pamoja nayo ukaja uchovu wa kukaa bure. Wodi ya wanaume na ya wanawake ziliunganishwa na baraza refu lililoelekea milima ya mawe, na Sista Generosa aliwataka wagonjwa wakae hapo kila alasiri, wapate hewa. Ngassa alisogeza kiti mwishoni kabisa mwa baraza, akawa anahesabu magari yanayopita barabarani. Yalipita matatu kwa siku.

Ndipo akawasikia.

Walikuwa wagonjwa watatu na meza ndogo. Mmoja alikuwa Kantaben, mjane wa Kihindi mwenye duka la vitambaa pale Ushirombo, ambaye watu wote walimwita Mama Girish. Wa pili alikuwa Mzee Bujiku, mfugaji, mkavu kama fito. Wa tatu alikuwa Zipora, mwanamke kijana kutoka upande wa Geita, aliyekuwa akifuma kofia za watoto bila kuziangalia. Mezani palikuwa na kopo la majani ya chai, na ndani ya kopo kauri nne.

"Twende?" aliuliza Mama Girish.

"Twende," waliitikia wawili.

Na wakaenda, bila kuinuka vitini. Walikwenda nchi waliyoiita Nyuma ya Mawe. Huko jua lilikuwa na ng'ombe wake, na ng'ombe mmoja, mwekundu, alikuwa amepotea. Jua lilikuwa limekataa kutua hadi apatikane. Miezi minane sasa hapakuwa na usiku. Watu walikuwa wamechoka, kuku walikuwa hawajui watage lini. Mzee Bujiku alikuwa fisi aliyegeuka mtu, jina lake Mbiti, mwenye adabu nzuri isipokuwa hucheka mahali pasipostahili. Zipora alikuwa Mama Vibuyu, mwanamke anayeuza upepo katika vibuyu, na hukasirika mno mtu akimwomba wa bure. Wote wawili walikuwa wakimtafuta yule ng'ombe. Mama Girish yeye hakuwa mtu yeyote, alishika njia. Alisema mbele kuna mto, au kuna mlinzi, au kuna harufu ya moshi, kisha akauliza, "Mnafanya nini?" Wakisema, alirusha kauri. Midomo ikitazama juu, jambo lilifaulu. Zikilala zote kifudifudi, balaa.

Siku ya nne ya kusikiliza kwa siri, Ngassa alivuta kiti.

"Na mimi naweza kwenda huko?"

"Hakuna anayezuiwa," alisema Mama Girish. "Lakini wewe kama wewe huwezi. Tuletee mtu."

Ngassa hakuhitaji kufikiri. "Radi," alisema. "Anaitwa Radi. Ana nguvu kuliko watu wote. Anaruka mlima. Mkuki haumwingii. Hajui woga."

Mzee Bujiku alisema "Alaa," kwa heshima.

Wakasafiri na Radi siku nne. Walipofika kwenye mto, Radi aliuruka. Walipokutana na mlinzi, Radi alimtupa juu ya mti. Kijiji cha wachawi kilipotokea, Radi alikipuliza. Kauri zikilala vibaya, Ngassa alieleza kwa nini jambo hilo haliwezi kumpata Radi. Mwanzoni alifurahi kama mtoto. Siku ya pili aliona Mzee Bujiku amesinzia. Siku ya tatu Zipora alikuwa anazihesabu nyuzi za kofia yake kwa sauti. Siku ya nne walifika njia panda, na Mama Vibuyu akasema kwa upole, "Radi apite juu, kwa kuwa anaruka. Sisi tutapita chini." Wakapita chini. Ngassa alikaa pale akisikiliza mashaka yao ya kupendeza, kibuyu kimepasuka, fisi amecheka msibani, wanakimbizwa, na hakuna aliyemuuliza Radi yuko wapi.

"Mchezo wa watoto huu," alisema, akaondoka na kiti chake.

Siku mbili hakutoka wodini. Siku ya tatu, Sista Generosa alipokwisha kumchoma sindano, Mama Girish alikuja mlangoni na sindano ya aina nyingine, ya kushonea, na uzi mweupe.

"Shati lako limekatika kifungo. Lete."

"Shikamoo, Mama Girish. Si lazima."

"Marahaba. Lete shati."

Alikaa kwenye kiti cha mlangoni akashona. Baada ya muda akasema, "Nimesimama nyuma ya kaunta miaka thelathini na miwili. Mtu akiingia dukani, sitazami anachonunua. Atanunua kitambaa cha marekani, au khanga anayoiweza. Mimi natazama kitambaa alichokigusa kwanza, halafu akakiacha. Pale ndipo mtu alipo. Sasa huyu Radi wako, anagusa nini akaacha?"

"Radi akitaka kitu anachukua."

"Basi huyo si mtu. Ni gari."

"Hata gari lina tabia zake," Ngassa alijibu, akiwa amechomwa kidogo. "Langu mimi asubuhi ya baridi haliwaki hadi ukanyage mafuta mara tatu, usubiri, ukanyage ya nne. Na mlima ukiwa mkali linanguruma upande wa kushoto tu. Ukiliendesha na hasira linakuonyesha."

Mama Girish alikata uzi kwa meno. "Umeona? Gari unalijua. Radi humjui. Mama yake alimwitaje?"

Ngassa alianza kukunja shuka lililokwisha kukunjwa.

"Ukijua, njoo," alisema mama yule, akamrudishia shati.

Alasiri ile Ngassa alilala akitazama bati. Mama yake Radi. Basi alikuwa na mama. Alimzaa wapi? Njiani, akitoka kuteka maji, ndiyo maana akamwita Mayunga, mtu wa kuzunguka. Jina lilipokuja, Radi alitoweka kama moshi, na mahali pake palisimama mtu wa kimo cha wastani ambaye Ngassa hakuwa bado ameuona uso wake.

Kesho yake alikuja barazani na furaha, akasema mtu wake mpya ni kilema, ana jicho moja, ni mlevi, mwizi, na alilaaniwa na baba yake.

Zipora aliangua kicheko. "Kaka Ngassa! Huyo umempakia kupita tani zake. Atakatika ekseli kabla hajafika mtoni."

Ikawa kazi ya kumshusha mizigo. Kwa wiki nzima Ngassa alikuwa akimfikiria Mayunga wakati wa sindano, wakati wa uji, wakati wa kupanga foleni ya bafu. Aliazima mambo kwa watu aliowajua. Kwa baba yake alichukua namna ya kubonyeza kiti kwa kiganja kabla ya kukikalia. Kwa fundi mmoja wa kinu cha pamba alichukua sikio bovu la kushoto, na ujanja wa kuhakikisha kila mtu anatembea upande wake wa kulia. Aliamua Mayunga hapendi mlenda, lakini huusifia kila anapopikiwa, na kwa hiyo hupikiwa mlenda kila anakokwenda. Hapo alicheka peke yake, jirani wa kitanda akageuka kumtazama.

Lakini woga ulimsumbua. Mtu huyu anaogopa nini? Simba? Kila mtu anaogopa simba. Alipita woga mmoja baada ya mwingine kama anayechagua nyanya sokoni, hadi akaufikia mmoja ambao hakutaka kuugusa. Madaraja. Miaka kumi na mmoja, kila lori lilipopanda daraja, Ngassa alikuwa akiizuia pumzi yake hadi magurudumu ya nyuma yagonge ardhi. Alikuwa ameshuhudia daraja likichukuliwa na mafuriko pamoja na gari lililokuwa mbele yake. Hakumwambia utingo wake, wala Donatus, wala mkewe. Alikaa kitandani akawaza kwamba hakika ni upumbavu kumpa mtu wa kubuni kitu chako ambacho hujawahi kukitoa. Kisha akampa.

Mayunga alijiunga na wenzake kwenye korongo, mahali pa daraja la kamba. Mama Girish aliliona tu, akalieleza kwa maneno machache: mbao tatu hazipo, chini maji yanasikika lakini hayaonekani.

"Mnafanya nini?"

"Mayunga anasema watangulie," alisema Ngassa. "Anasema ana jiwe kwenye mguu. Anakaa kulitoa." Akapunguza sauti. "Hakuna jiwe."

Mzee Bujiku, aliyekuwa ameanza kusinzia, alifungua macho. "Mbiti amekwenda hadi katikati," alisema taratibu, "amegeuka. Fisi tunanusa woga. Anarudi. Anacheka, si kwa dharau, ndivyo alivyo. Anamwambia, 'Nishike mkia.'"

"Si umegeuka mtu? Mkia unatoka wapi?" Zipora aliuliza.

"Mkia ulibaki. Nilikuwa naficha."

Wakacheka hadi kikohozi kikawapata wote, na Sista Generosa akachungulia dirishani. Kauri zilianguka midomo miwili juu. Mayunga alivuka ameshika mkia wa fisi, macho amefumba, na ilimchukua Ngassa alasiri nzima kumvusha, ubao kwa ubao, wala hakuna aliyesinzia.

Ng'ambo, wakiota moto chini ya lile jua lisilotua, Mama Vibuyu alimuuliza Mayunga, "Wewe umetoka kwako siku nyingi. Nyumbani wanajua uko wapi?"

"Wanajua," Ngassa alisema upesi.

Mama Girish hakurusha kauri. Aliuliza tu, "Anaposema hivyo, anafanya nini?"

Ngassa alitazama mikono yake. "Anafunga kamba za viatu," alisema.

"Ana viatu?"

"Hana."

Zipora aliacha kufuma. Hakuna aliyecheka safari hii. Mzee Bujiku alisema jioni imekaribia, wangeendelea kesho.

Ngassa aliomba karatasi kwa Sista Generosa, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa, akaipeleka barua kwa anwani ya chama cha msingi cha wakulima cha Mhunze. *Mama Mageni, siko Kigoma. Sijapata kufika Kigoma. Niko hospitali ya misheni, Ushirombo, naumwa kifua, kile cha mjomba. Wanasema nitapona. Nilikudanganya. Ngassa.* Alipoituma alijisikia kama mtu aliyeachia breki mlimani.

Siku kumi na mbili zilipita. Nyuma ya Mawe walikuwa wamefika kwenye mbuga ya nyasi nyekundu, ambako ng'ombe mwekundu angeweza kusimama mbele yako usimwone. Wakati wakimsubiri ajitokeze, Mbiti alimwomba Mayunga amsimulie juu ya nyumba yake, kwa kuwa fisi hajawahi kulala ndani ya nyumba.

"Jiko liko upande wa mashariki," alisema Ngassa. "Asubuhi mke wake hupika huku anaimba. Wimbo wenyewe hauishi, kwa sababu anajua beti mbili tu, akimaliza wa pili anarudia wa kwanza."

"Ni tatu," ilisema sauti nyuma ya nguzo.

Alikuwa Nyamizi, mkewe. Alikuwa na vumbi la basi hadi kwenye kope, na kikapu cha michembe ya viazi vikavu na karanga kichwani. Hakuna aliyejua alikuwa amesimama pale kwa muda gani. Ngassa aliinuka, akakaa, akainuka tena.

"Mwadila," Nyamizi aliwasalimu wengine kwa adabu, akatua kikapu. Zipora na Mzee Bujiku wakakumbuka kwamba wana shughuli. Mama Girish alichukua kopo lake na kwenda polepole.

Nyamizi alikaa kwenye kiti cha Zipora. "Kigoma," alisema.

"Mama Mageni..."

"Donatus alikuwa anatazama miguu yake alipokuwa anasema Kigoma. Nikajua kuna jambo. Nikafikiri umeoa."

"Nimeoa?"

"Mwanamke wa Kigoma. Nimemchukia huyo mwanamke mwezi na nusu, Baba Mageni. Nilimchukia nikipika, nikamchukia nikiteka maji. Kumbe hata hayupo." Alifuta uso kwa ncha ya khanga, vumbi likawa tope. "Sasa ile chuki niipeleke wapi?"

Ngassa alisema aliogopa. Alisema habari ya kibanda cha mjomba, sahani, na asante baba. Alisema kwamba hakutaka mtoto wao Mageni amletee chakula mlangoni na kukimbia. Nyamizi alimsikiliza hadi mwisho.

"Miaka tisa," alisema, "sijapata kukusikia ukisema maneno mengi hivi. Nyumbani ni 'kuna chai?' na 'nimechoka'. Leo nimesimama hapo nyuma ya nguzo nasikia unawaeleza watu baki jiko langu liko upande gani. Nimekasirika zaidi kwa hilo kuliko Kigoma." Akasogeza kikapu kwa mguu. "Na ule wimbo. Nilidhani huusikii."

"Nausikia kila siku."

"Basi ungesema."

Sista Generosa alimweleza Nyamizi mambo yanavyokwenda: kwamba mgonjwa akishaanza dawa na kuzishika, hatari inapungua haraka, na kwamba yeye na mtoto wapimwe. Nyamizi alipimwa palepale, akakutwa mzima. Mageni alipimwa baadaye Shinyanga, naye mzima. Nyamizi alikaa siku nne kwenye banda la jamaa za wagonjwa, akipika na wanawake wengine, na siku mbili za kwanza alimpa mumewe chakula bila maneno mengi. Siku ya tatu alasiri alikuja barazani na kiti chake mwenyewe.

"Huyo Mayunga ana mke," alimwambia Mama Girish. "Nani anasema kwa niaba yake?"

"Hakuna bado."

"Basi mimi."

Mama Girish alitikisa kauri kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha. "Twende. Mke wa Mayunga yuko wapi? Amesimama mlangoni, anatazama barabara?"

"Atasimama mlangoni kwa nini? Yupo shambani anapalilia karanga. Karanga hazisubiri mtu." Nyamizi alikunja mikono. "Watu wakipita wanamuuliza habari za mumewe, yeye anasema mzima, halafu jembe linakwenda chini zaidi kuliko linavyotakiwa. Na akirudi huyo bwana hachinjiwi kuku. Kwanza anapewa jembe. Kuku ni baada ya mstari wa mwisho."

Mzee Bujiku alicheka kicheko cha fisi, na safari hii kilistahili. Ngassa alimtazama mkewe kama mtu aliyepita njia moja miaka mingi, kisha akaonyeshwa kisima kilichokuwa nyuma ya kichaka. Alijua anapalilia. Hakujua habari ya lile jembe.

Nyamizi ndiye aliyempata ng'ombe mwekundu, au mke wa Mayunga ndiye aliyempata, kwenye ncha ya shamba lake la karanga. Hakuwa ameibwa. Alikuwa amejitenga ili azae, kama ng'ombe wafanyavyo, na ndama alikuwa amesimama tayari, miguu ikimtetemeka. Kauri zilianguka midomo minne juu. Jua la Nyuma ya Mawe likatua, na Zipora akasema kuku wote wamepanda kulala bila kuambiwa. Walikaa, wanne na mmoja, wakitazama milima ya kweli, iliyokuwa bado ina mwanga.

Siku ya sitini na moja Ngassa alipewa kopo kubwa la vidonge na maonyo mengi. Kabla ya kuondoka ilibidi aamue la kufanya na Mayunga, kwa kuwa desturi yao ilikuwa kutomwacha mtu akining'inia. Angeweza kumrudisha kwake na kumaliza. Lakini kulikuwa na mgonjwa mpya, Makoye, mchimba dhahabu wa Geita, aliyekaa siku tatu mwishoni mwa baraza akijifanya hasikilizi. Ngassa akamwita, akamkabidhi Mayunga mzima: kiganja kwenye kiti, sikio la kushoto, mlenda. Habari ya madaraja alimwambia mwisho, kwa sauti ya chini.

"Kwa nini anaogopa?" Makoye aliuliza.

"Utajua ukimvusha."

Alisubiri aone angalau alasiri moja. Mayunga wa Makoye aliimba sana, tena alijua utani wa wachimbaji ambao ulimfanya Mama Girish ajifanye haelewi Kiswahili. Hayo hakuyapata kwa Ngassa. Ngassa aliumia kidogo, kisha akamwona Mayunga akibonyeza kiti kabla ya kukaa, akatulia.

Mhunze alifika Ijumaa. Majirani walikuja kumpa pole ya safari, wakauliza habari za Kigoma, na Ngassa, akiwa amesimama uani mbele ya watu zaidi ya kumi, akasema hakufika Kigoma, alikuwa hospitali, ni kifua kikuu, anaendelea na dawa. Wawili walirudi nyuma hatua moja. Mmoja aliweka chini kikombe alichokuwa amepewa. Nyamizi aliliona hilo, akakichukua, akakijaza chai, akainywa mwenyewe. Wengine walibaki, ingawa mazungumzo yalikuwa mafupi.

Jumapili, baada ya watu kutoka kanisani, alikuja mmoja wa wale wawili waliorudi nyuma. Alikuwa seremala wa jirani, mtu mzima, mkimya. Alikaa kwenye benchi, akazungumza kuhusu mbao, kuhusu mvua, kuhusu bei ya misumari. Kisha akauliza, huku akitazama upande mwingine, hiyo hospitali mtu anaifikiaje, maana ana kikohozi tangu wakati wa kupanda.

Ngassa alivuta kiti chake karibu. Alimwambia ni basi gani hadi Kahama na gari gani baada ya hapo. Alimwambia sindano inauma lakini haizidi dakika, na kwamba uji wao una chumvi mno. Chai ya Ngassa ilipoa, ikapata utando juu, akawa bado anaeleza. Mwisho akasema, "Jumanne nina ruhusa kazini. Tutakwenda wote."

Seremala alikubali kwa kichwa. Akauliza kama huko mtu hachoki, siku zote hizo, kukaa tu.

"Peleka jina la mtu," alisema Ngassa. "Awe yeyote. Lakini uwe unajua mama yake alimwitaje."